Brashi ya mekapu inanyonyoka, inanuka au haitakati? Tafuta sababu kabla ya kuitupa

Malalamiko kuhusu brashi za mekapu ni yale yale. Zinanyonyoka. Zinanuka. Zimekakamaa na kuchoma uso. Mpini umebaki mkononi na kichwa kimeanguka kwenye sinki. Ukifuatilia mengi ya matatizo hayo utajikuta shingoni mwa brashi, pale nywele zinapoingia kwenye pete ya chuma. Ndani ya pete kuna gundi inayoshika nywele, na chini ya gundi kuna mti wa mpini. Gundi hulegezwa na joto, maji yanayokaa humo na spiriti ya mara kwa mara. Mti nao huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Brashi chafu itakuharibia ngozi, lakini kinachoiua brashi yenyewe kwa kawaida ni maji yaliyoingia yasikostahili. Kwa hiyo kabla ya kumlaumu aliyeitengeneza, angalia kwanza unavyoiosha na unavyoikausha.

Ujue pia una nywele za aina gani, kwa sababu dawa ya aina moja ni sumu kwa nyingine. Nywele za mnyama (mbuzi, farasi, kindi) hunyonya maji, hulegea zikilowa na hukawia kukauka. Za sintetiki, yaani nailoni na jamaa zake, huachia maji upesi. Maandishi ya mpinini yakishafutika, chukua unywele mmoja uliodondoka, ushike kwa kibanio juu ya sinki, kisha usogezee moto wa kiberiti. Wa mnyama utanuka kama nywele zilizoungua na kusagika kuwa majivu. Wa sintetiki utayeyuka na kuacha kijidonge kigumu nchani.

Inanyonyoka

Brashi mpya kudondosha nywele chache katika miosho ya mwanzo si ugonjwa. Ni nywele ambazo hazikufika kwenye gundi wakati wa kutengenezwa. Ipitishie vidole ikiwa kavu, igongegonge kwenye kiganja, halafu ioshe. Ikitulia baada ya hapo, kazi imeisha.

Isipotulia, okota nywele zilizotoka uzitandaze kwenye karatasi nyeupe. Hapo ndipo utapata jibu. Zikiwa fupi fupi na za urefu tofauti, zimekatika: unaisugua mno kwenye kitu kigumu, sabuni ni kali, au unaikausha kwa draya. Zikiwa ndefu, nzima, zimechomoka kwenye gundi. Kikitoka kitita kizima na mwishoni kimeshikana kwa donge la gundi, basi gundi yenyewe imeachia. Kitita cha pili hakitakawia.

Kwa zilizochomoka nzima, sababu kwa mpangilio wa zinavyotokea ni hizi:

1. Maji kuingia shingoni. Unaosha kichwa kikiangalia juu chini ya bomba, au umeilowesha kwenye glasi ukaenda kufanya kazi nyingine.
2. Kukaushwa ikiwa imesimama kwenye kikombe, maji yakitiririka kurudi kwenye gundi.
3. Maji ya moto. Yanayokuunguza hata kidogo tu yamezidi.
4. Kuikamua kwa kuvuta nywele badala ya kuzibana.
5. Kuimwagia spiriti kila siku mpaka shingoni.
6. Gundi haba tangu kiwandani. Hii ipo, ila watu huitaja ya kwanza wakati inafaa kuwa ya mwisho.

Uoshaji usioleta balaa ni huu. Shika brashi kichwa kikiangalia chini, lowesha theluthi mbili za nywele kuanzia nchani kwa maji ya vuguvugu, na pete isiguse maji. Weka tone la shampuu ya mtoto kiganjani, uzungushe brashi humo taratibu mpaka povu litoke na rangi. Suuza, rudia, suuza tena mpaka povu liwe jeupe na maji yaende safi. Ibane kwa taulo kuelekea nchani, irudishie umbo kwa vidole, kisha ilaze ukingoni mwa meza kichwa kikining'inia hewani. Ukiilaza moja kwa moja juu ya taulo, upande wa chini utabaki na unyevu na kulala bapa.

Nywele zilizokwisha kutoka hazirudi, ila kwa uoshaji huu zilizobaki huweza kukaa muda mrefu. Usijaribu kudondoshea supagluu katikati ya nywele. Gundi hiyo hupanda juu kwa kufuata nywele, ikikauka unabaki na kijiti kinachochoma. Na brashi ya macho ikianza kutoa vitita, acha kuitumia machoni siku hiyo hiyo.

Mpini unacheza au umechomoka

Shika pete kwa mkono mmoja, mpini kwa mwingine, uzungushe kidogo. Pete ikizunguka, gundi ya upande wa mti imeachia. Chanzo cha kawaida ni maji tena: mti umevimba, ukasukuma gundi, ukakauka na kusinyaa, ikabaki nafasi. Kuanguka sakafuni au kuachwa karibu na moto hufuata kwa mbali.

Hii inatengenezeka nyumbani. Usiharakishe gundi, kwani haitashika mti wenye maji. Iache ikauke siku mbili. Kwangua gundi ya zamani kwenye ncha ya mti, paka epoksi kidogo (ile ya mirija miwili inayochanganywa) kwenye mti, wala usiimimine ndani ya pete ambako itafika kwenye nywele. Ingiza, futa iliyozidi kabla haijaganda, laza, usiiguse kwa saa 24. Epoksi inatoa mvuke, kwa hiyo fungua dirisha na usiipake kwa vidole vitupu.

Rangi ya mpini ikibabuka karibu na pete, ni onyo kwamba maji yameshaanza kuingia. Ufa mdogo unaweza kuuziba kwa rangi ya kucha isiyo na rangi. Pete ikiota kutu inayopaka vidole, au mti ukianza kumeguka vibanzi, usiendelee kuitumia.

Kama ni brashi ya gharama iliyotengenezwa kwa mkono, usiiguse kwa epoksi kabla ya kumuuliza mtengenezaji. Ukarabati wa nyumbani unaweza kukunyima dhamana.

Inanuka baada ya kuoshwa

Tatizo hili linawaudhi watu kwa sababu wamejitahidi: wameosha, na brashi imetoka na uvundo kuliko ilivyoingia.

Anza na tishu kavu nyeupe. Izungushie kwenye nywele karibu kabisa na pete, bana kwa nguvu kwa kidole gumba na cha shahada, hesabu hadi 10. Ikitoka na unyevu, umeipata sababu. Brashi nene iliyosongamana, hasa ile fupi bapa ya fandesheni, hukauka nje ikakudanganya. Nyembamba ya wanja huwa tayari baada ya saa chache, lakini nene huhitaji usiku mzima, na pengine siku nzima hewa ikiwa nzito. Ukiifungia kwenye pochi kabla ya hapo, umeipa kuvu makazi.

Sababu ya pili ni mafuta. Fandesheni na konsila zina mafuta yanayochacha, na shampuu laini peke yake haiyafikii yaliyojificha ndani. Harufu hii si ya uvundo, inafanana zaidi na mafuta ya kupikia yaliyokaa. Ya tatu haina madhara: nywele za mbuzi zikilowa hunuka mbuzi. Zikikauka harufu inapungua, na baada ya miosho kadhaa inaisha.

Kwa uvundo, osha upya mara mbili. Brashi ya sintetiki inastahimili sabuni ya vyombo. Ya nywele za mnyama ibaki na shampuu. Kisha chovya ncha kwenye siki nyeupe iliyochanganywa na maji, kipimo kimoja cha siki kwa viwili vya maji, kwa dakika moja, usuuze vizuri. Ikaushe mbele ya feni, si mbele ya draya. Harufu ya siki huondoka na maji.

Ukipanua nywele na kuona madoadoa meusi au ya kijani kwenye mizizi, hapo ni ukungu. Usihangaike kuiosha, itupe. Unachokiona nje ni sehemu tu, na huwezi kusugua ndani ya pete.

Tahadhari: usitumie jiki kwenye brashi, na kamwe usiichanganye na siki. Mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini, ambayo huumiza mapafu. Usiingize brashi kwenye maikrowevu pia. Pete ni ya chuma.

Imeoshwa na bado haitakati

Tofautisha uchafu na doa. Iloweshe, ibane kwenye tishu nyeupe. Tishu ikipata rangi, kuna bidhaa imebaki. Ikibaki nyeupe huku nywele zenyewe zikiwa na wekundu au weusi, hilo ni doa. Nywele nyeupe za mbuzi na lipstiki nyekundu zikikutana, ndoa hiyo haivunjiki. Brashi ni safi, itumie. Watu wengi wanaiharibu hapa hapa, wakisugua kitu ambacho ni cha sura tu.

Rangi ikiendelea kutoka, karibu kila mara ni bidhaa za mafuta, nta au silikoni: wanja wa jeli usiotoka kwa maji, fandesheni ya kudumu, lipstiki. Sabuni na maji huteleza juu yake. Zinahitaji mafuta kwanza. Kwa brashi ya sintetiki, weka matone mawili ya mafuta ya zeituni kwenye sahani ikiwa brashi bado kavu, zungusha ncha mpaka rangi iyeyuke, futa kwenye tishu, rudia mpaka tishu isipate rangi nzito. Ndipo uoshe kwa sabuni ya vyombo kidogo. Kosa linalofuata ni kuacha mafuta humo, maana kesho poda itaganda mabonge. Bana nywele zikiwa na maji: zikiteleza kwa ute, mafuta yapo, osha tena.

Brashi ya nywele za mnyama usiizoeze mafuta. Afadhali usiitumie kabisa kwenye vitu vya maji maji na krimu. Hiyo ni ya poda.

Maji magumu, yaani yenye madini mengi, ni sababu ya nyuma kidogo. Yanaungana na sabuni na kuacha utando wa kijivu unaofanana na uchafu. Suuzo la mwisho kwa siki iliyozimuliwa kama hapo juu, kisha maji safi, huuondoa.

Imekakamaa au inachoma uso

Gusa. Ikishikana na kunata, ni sabuni au bidhaa iliyobaki, ambayo ndiyo sababu ya wengi. Suuza tu, bila kuongeza sabuni, mara mbili zaidi ya unavyodhani inatosha. Ikiwa kavu na kukwaruza, na ni ya nywele za mnyama, mafuta yake ya asili yameisha kwa sabuni kali au spiriti. Kondishena kidogo sana nchani, kwa dakika moja, kisha suuza hadi utelezi uishe. Sintetiki haihitaji kondishena, itabaki juu tu na kuvuta poda.

Ikiwa ni ya sintetiki na ncha zimejikunja, zina vijidonge ukiziangalia kwenye mwanga, zimeyeyuka kwa joto. Hilo halina tiba.

Imetawanyika, imepoteza umbo

Kwanza ni ukaushaji bila kurudishia umbo, kisha kubanwa pochini, kisha mkono mzito: brashi inayokandamizwa mpaka nywele zilale usoni hufunguka kama ua. Iloweshe, itengeneze kwa vidole, ivishe kichwa utepe wa bandeji laini au wavu wa brashi, bila kubana sana, iache ikauke hivyo kichwa kikiangalia chini. Brashi ya sintetiki iliyopinda huitikia zaidi ikiloweshwa kwa maji ya vuguvugu kuliko ya baridi, ila yasiwe ya moto.

Usikate ncha kwa mkasi ili zilingane. Ulaini wa brashi nzuri uko kwenye ncha za asili za nywele, ambazo ni nyembamba. Mafundi wa mji wa Kumano huko Hiroshima, Japani, ambao ni maarufu kwa kazi hii, hupanga umbo la kichwa wakati wa kukusanya nywele, ncha zikiachwa bila kukatwa. Mkasi ukipita, unabaki na visiki vinavyokwaruza.

Na kama tatizo ni mekapu kuacha michirizi ilhali brashi ina umbo zuri, angalia kama ilikuwa bado na unyevu, halafu angalia kama unapaka fandesheni kwa brashi ya poda.

Ngozi inawasha, chunusi, macho mekundu

Yaliyotangulia yanagusa brashi. Hili linakugusa wewe, na hapa nisingependa mtu ajitibu kwa majaribio ya muda mrefu.

Kinachotangulia ni brashi isiyooshwa. American Academy of Dermatology, chama cha madaktari wa ngozi cha Marekani, kinashauri kuosha brashi za mekapu kila baada ya siku 7 hadi 10. Zinazogusa fandesheni na macho, mimi ningezipa wiki moja bila kujadili. Ya poda kavu unaweza kuivumilia kidogo zaidi.

Pili ni kushirikiana. Brashi ya macho na ya midomo haziazimwi, hata kwa dada wa tumbo moja. Tatu ni mabaki ya sabuni yenye manukato, hasa kama muwasho ulianza baada ya kubadilisha sabuni. Nne, huenda brashi haina hatia, na ni bidhaa mpya inayokukataa. Acha mekapu yote mpaka ngozi itulie, osha brashi zote, kisha rudisha bidhaa moja moja kwa kupishanisha siku chache. Ile itakayoleta muwasho imejitaja.

Kuua vijidudu ni hatua tofauti na kuosha, na huja baada yake, kwa kuwa spiriti haipenyi kwenye tabaka la fandesheni. Tumia alkoholi ya isopropili ya asilimia 70. Ya 99 inaonekana kali zaidi lakini hukauka upesi mno kabla haijafanya kazi, maana maji yaliyomo kwenye ile ya 70 yanaisaidia kukaa na kupenya. Nyunyizia nchani tu, iache ikauke yenyewe, mbali na jiko na sigara. Kwa matumizi yako binafsi si lazima kila mara. Anayepamba watu wengine hana budi, kati ya mteja na mteja. Brashi ya maskara awe nayo ya kutupa, moja kwa kila mtu.

Acha mekapu na uende kwa daktari ukiona haya:

- Jicho linauma, haliwezi mwanga, au uoni umefifia. Nenda siku hiyo hiyo, na kama unavaa lenzi zitoe kabla ya kwenda.
- Usaha, uvimbe unaoongezeka, ngozi yenye joto au homa.
- Vidonda vinavyotoa maji na kukaukia gamba la rangi ya asali. Huenda ni ambukizo la bakteria linaloenea kwa kugusana.
- Uso au midomo kuvimba ghafla, au kupumua kwa shida. Hii ni dharura, usisubiri asubuhi.
- Upele usiotulia wiki mbili baada ya kuacha mekapu.

Ukiwa na malengelenge ya midomo, usiguse midomo kwa brashi mpaka yapone, na uliyoitumia yalipokuwa yanatoka itupe. Baada ya macho mekundu ya kuambukiza, tupa maskara na wanja wa maji uliokuwa ukitumia, na brashi za macho uzioshe na kuziua vijidudu, au uzibadilishe.

Sponji

Sponji haina pete wala gundi, na hiyo ndiyo inayowafanya watu waisahau. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Aston cha Uingereza, uliochapishwa mwaka 2019, ulikuta asilimia 93 ya sponji zilizochunguzwa hazikuwahi kuoshwa. Sponji hubaki na unyevu ndani kuliko brashi yoyote, kwa hiyo ioshe kila unapoitumia, au angalau mara kadhaa kwa wiki: sabuni, kamua, suuza, kamua, mpaka maji yawe safi, kisha iache mahali penye hewa, si ndani ya kopo lake lenye mfuniko.

Ikipasuka pasuka, ikibaki na harufu baada ya kuoshwa, au ukiwa na shaka tu, ikate katikati kwa kisu. Ukikuta vidoa vyeusi ndani, sponji za umri huo huo ulizonazo zitupe pamoja nayo.